Giaboksi ya Wakfu

Baba yangu alipopatwa na kiharusi na mguu wake wa kushoto ukalegea, hakulalamika hata siku moja. Alisema Mungu amempa miguu miwili ili mmoja uwe wa akiba. Lakini pikapu yake ilipokufa, miezi minane baadaye, alikaa barazani kwake Malindi, mjini Unguja, kutwa nzima, na chai niliyompelekea ikaota utando. Nilirudi na kikombe jikoni nikijua kwamba safari hii tuna mgonjwa kweli.

Lazima niieleze hiyo pikapu, maana bila hiyo hamtanielewa. Ni ya buluu, au ilikuwa buluu. Ililetwa kisiwani na wageni wa mradi mmoja wa maji, zamani, kabla mimi sijaanza skuli. Mradi ulipokwisha magari yakapigwa mnada, Baba akaichukua kwa sababu nyuma inaingia masufuria manne ya shughuli bila kubanana. Baba ni mpishi. Si wa hoteli. Ni mpishi wa harusi, maulidi na khitma, wale wanaokuja na vyombo vyao na kuanza kumfokea kila mtu kabla hata moto haujawashwa. Watu humvumilia kwa sababu ya pilau lake.

Ile gari ilikuja na gia za otomatiki, na enzi zile hicho kilikuwa kituko. Watu walichungulia dirishani kuona gari isiyo na klachi, wakamtania Baba kwamba kanunua gari ya wavivu. Aliwaachia wacheke. Baada ya kiharusi utani ule ulikwisha, kwa sababu klachi hutaka mguu wa kushoto, na otomatiki haina haja nao. Daktari alimpima akamruhusu, na Baba akaendelea kujiendesha mwenyewe kama kawaida: sokoni Mwanakwerekwe kuchagua vitunguu, Darajani kununua bizari, na popote penye sufuria lililokuwa likimsubiri. Barabarani alikuwa mzima kuliko mimi.

Kisha siku moja, akitoka sokoni na gunia la vitunguu, aliweka gia, injini ikanguruma, na gari haikwenda mbele wala nyuma. Fundi wake wa siku zote akaivuta hadi gereji. Aliyamwaga mafuta ya giaboksi kwenye beseni, akatuonyesha chenga za chuma zilizotuama chini.

"Hii ishakwisha, mzee," alisema. "Tutafute nyengine ya asili, ya gari hii hii. Ya namna nyengine haishiki kwenye injini hii mpaka tukate chesisi, na mimi siikati."

Mimi ni mtu wa pupa, nakiri. Jambo likiharibika nataka liwe limetengenezwa kabla ya magharibi. Nikampeleka Baba kuangalia vile vigari vidogo vya otomatiki ambavyo siku hizi vimejaa mjini. Alikizunguka kimoja, akafungua nyuma, akauliza sufuria litakaa wapi.

"Mzee, hii ni ya kutembelea," muuzaji akamwambia.

"Mimi sitembei," Baba akajibu. "Mimi nafanya kazi."

Tukarudi nyumbani. Nikaja na wazo la pili: tuitie pikapu gia za kawaida, zile za kukanyaga klachi, halafu tumtafutie dereva. Nililitoa wazo hili kwa sauti ya upole niliyoizoea tangu alipougua, ile sauti ya kumwambia mtoto kwamba dawa ni tamu.

"Dereva mtanitafutia siku nikifa," Baba alisema.

Basi nikaanza kuitafuta giaboksi. Nina duka langu la fotokopi Mwanakwerekwe, na hapo jirani maduka ya spea yamepangana. Kwa wiki kadhaa kila adhuhuri nilifunga duka nikaingia la kwanza hadi la mwisho, mwanamke mzima na buibui langu, mkononi nimeshika picha ya kibati kidogo chenye namba za giaboksi. Wengine walinihurumia. Wengine waliniuliza mume wangu yuko wapi nizungumze naye. Mmoja aliniambia anayo, orijino, wallahi, nije kesho. Nilipokwenda kesho yake nikaoneshwa kitu kinang'aa kwa rangi ya fedha. Nikakigusa, na rangi ikabaki kwenye kidole. Ilikuwa haijakauka. Niliyomwambia yule bwana siwezi kuyaandika hapa, kwa kuwa Baba hupenda kusoma ninachoandika, lakini majirani wa soko walitoka nje kusikiliza.

Nilipigia simu mpaka Dar es Salaam. Nikaletewa picha za giaboksi za kila umbo, na kila mara fundi alizitazama akatikisa kichwa. Huku nyuma Baba alikuwa akipungua. Watu wenye shughuli walimtumia gari zao zimchukue, akakataa. Alisema mpishi anayeletwa na gari ya mwenye shughuli hawezi kumfokea mwenye shughuli. Mwanzo nilidhani ni mzaha. Baadaye nikaona masufuria yake yamefunikwa gunia pembeni ya ua, na miko imefungwa kamba pamoja, na nikaogopa. Nilijua kwamba gari hii isipokwenda, Baba hatapika tena, na Baba asiyepika mimi simjui ni nani.

Mwisho nikatoa fotokopi kubwa ya picha ya pikapu, ile ambayo Baba amesimama mbele yake akiwa bado na ndevu nyeusi, nikaibandika ukutani dukani. Chini nikaandika kwa herufi nene: INATAFUTWA GIABOKSI YA GARI HII, YA ASILI. Mteja mmoja aliiangalia kwa haraka akanipa mkono wa msiba. Ilinibidi nimwelezee kwamba mzee yu hai, kilichokufa ni giaboksi.

Siku ya Alkhamisi akaja mwanamke wa makamo, kanga zake zina alama za chumvi ya bahari, na bahasha ya vyeti vya mwanawe aliyekuwa akiomba kusoma chuo kikuu cha Tunguu. Analima mwani Makunduchi, aliniambia, na alikuwa na haraka. Nikawa narudufu vyeti. Nilipogeuka nilimkuta kasimama mbele ya ile picha na mikono kiunoni.

"Gari yetu ya msikitini imefikaje hapa?" aliuliza.

"Hii ya baba yangu."

"Basi ina pacha," alisema. "Yetu iko nyuma ya msikiti, kuku wanataga ndani. Haijagusa barabara miaka na miaka."

Nilimrudishia vyeti vyake, na kwa furaha nikasahau kumpa kimoja, ikabidi nimkimbilie njiani.

Jumamosi nilikwenda Makunduchi na fundi, kwa gari yake. Mlima mwani alitupokea akatupeleka moja kwa moja nyuma ya msikiti, kwenye banda la makuti. Alikuwa amesema kweli. Ni gari ile ile, pacha, imekula kutu hadi milango inapitisha mwanga, na kuku mwekundu kakaa kwenye kiti cha dereva akatuangalia kwa dharau. Fundi akatandika gunia akaingia chini. Nilimsikia akisugua kitu kwa tambara, kisha akacheka peke yake.

"Ndiyo yenyewe," alisema alipotoka, ndevu zimejaa vumbi. "Namba zile zile. Na mafuta yake bado mekundu, hayana hata chenga. Hapa ilikufa injini tu."

Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa langu. Mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa kakaa mlangoni akitengeneza kipaza sauti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na bila kukaa wala kuulizana habari za huko na huku, nikamwambia nataka kununua giaboksi ya ile gari, anitajie bei.

Akakiweka chini kipaza sauti.

"Bei ya nini, binti?"

Mlima mwani alinivuta kanga kwa nyuma, lakini nilikuwa nishaendelea. Nilisema ni chuma tu, gari yenyewe haitembei, na mimi nalipa leo leo. Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia, bila ukali, kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu wameshakuja pale mara tatu na mara tatu wamefukuzwa. Gari ile ni wakfu. Mwenye nayo alikuwa mfanyabiashara wa hapo kijijini, na kabla ya kufa aliiweka wakfu kwa kazi ya maziko: kubeba jeneza, maturubali na masufuria ya khitma. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, wala hautolewi zawadi.

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi nilisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tangu mdogo, na mlango huo wa wakfu nilifundishwa, na bakora nilipigwa kwa kutoujua vizuri. Na bado nilisimama kwenye kizingiti cha msikiti nikiuliza bei. Fundi wangu akajifanya anatafuta spana.

Aliyeniokoa ni mlima mwani. Alikaa chini kando ya mlango, akaanza kumweleza mzee kwa lugha yao ya Makunduchi, na mimi wa mjini nikawa nadaka neno hapa na neno pale: mguu, pilau, mgonjwa, gari. Mzee akawa anaguna. Mwisho akasema tusubiri hadi baada ya sala ya adhuhuri, wanakamati wote watakuwepo.

Baada ya sala walikaa watu watano kwenye mkeka nje. Walizungumza kwa muda mrefu, wakabishana, mmoja akaingia ndani akatoka na kitabu, wakabishana tena kwa ajili ya kitabu. Sisi wanawake wawili tulikaa upande wa pili, mlima mwani akawa ananitafsiria kwa kunong'ona. Huyu anasema haifai kabisa. Yule anasema gari haifanyi kazi, na wakfu usiofanya kazi ni dhambi yetu sisi tulioukalia. Huyu wa kitabu anasema kuna njia.

Mwenyekiti akaniita.

"Hatukuuzii, na hatukupi," alisema. "Giaboksi inabaki ya wakfu. Lakini ikitoka hapa, kazi yake itoke nayo. Tukifiwa, gari ya baba yako ije. Ibebe vyombo vyetu, na ikihitajika jeneza. Aje nayo mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa ameshika amana. Mnaweza?"

"Hawezi," nilijibu hapo hapo. "Baba ni mgonjwa. Amepata kiharusi. Huku ni mbali, na nyinyi hamjui mtu atafariki lini. Labda tuwape kitu chengine, tuwanunulie maturubali mapya."

Nilisema yote hayo kwa sauti yangu ya upole. Wazee wakatazamana. Mlima mwani alikuwa kasimama nyuma yangu, na yeye hakuwa na upole wowote.

"Yeye mwenyewe umemuuliza?" alisema.

Nilisimama pale kwenye jua nikikumbuka miezi yote ile: jinsi nilivyomjibia kwa daktari wakati daktari alikuwa akimtazama yeye, jinsi nilivyomkatia nyama kwenye sahani mbele ya wageni, jinsi nilivyowaambia watu "Baba amechoka" naye yumo chumbani anasikia. Nilikuwa nazunguka kisiwa kizima nimtafutie giaboksi ili ajiendeshe, na kila siku nilikuwa nimemkalia kiti chake. Niliona haya, na nilikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza hasira yenyewe ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Nikampigia simu nikaiweka kwa sauti kubwa ili wazee wasikie. Nilimweleza bila kupunguza kitu: wakfu, maziko, jeneza, masafa, na kwamba hawatajua lini.

"Masufuria yao yana mifuniko?" Baba aliuliza.

"Baba!"

"Wewe waulize. Na wanapikia kuni gani? Kama za mkandaa nakuja. Waambie nakuja kwa zozote, lakini waulize."

Mwenyekiti alicheka hadi miwani ikamponyoka. Aliichukua simu, akatoka nayo kando, na wazee wawili ambao hawajaonana maishani wakazungumza habari za kuni kwa robo saa nzima, kwa salio langu.

Makubaliano niliyapiga chapa mwenyewe dukani, mistari sita, nikayatia lemineti. Yanasema giaboksi ni mali ya wakfu, imo ndani ya gari ya fulani, kwa kazi ile ile. Baba alipenda sana maneno hayo. Mtu akimuuliza gari yake inakwendaje, siku hizi anajibu kwamba amuulize mwenyekiti, maana hapo katikati ya gari ni pa msikiti.

Fundi aliifunga kwa siku nne. Siku ya kuijaribu alimtaka Baba akae pembeni kwanza, tahadhari tu, na mimi nilifungua mdomo kumuunga mkono. Nikaufunga. Baba akaingia upande wa usukani. Aliunyanyua mguu wa kushoto kwa mikono miwili akauweka pembeni, taratibu, akavuta mlango. Akaweka gia. Gari ikajikokota mbele kidogo, ikatulia, kisha ikaondoka gereji kama haijawahi kuugua, ikakata kona na kupotea. Fundi na mimi tulisubiri. Alirudi baada ya saa nzima na gunia la vitunguu.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja nafungua duka, simu ikalia. Alikuwa mlima mwani.

"Mwenzangu, huji? Bibi yetu mmoja kafariki juzi, leo khitma."

Nilimpa pole, nikamwambia ngoja nimwarifu Baba.

"Umwarifu nini?" alisema. "Kamati walimpigia jana. Kafika tangu saa moja."

Nilibaki na ufunguo mlangoni. Baba alikuwa ametoka Malindi peke yake baada ya sala ya alfajiri, akapita mjini, akapita karibu na duka langu, akaenda zake hadi mwisho wa kisiwa, na mimi sikujua. Nilifunga duka nikakodi teksi. Njia nzima, tangu Tunguu hadi kule msituni penye kima, nilikuwa nikichungulia mitaroni natafuta kitu cha buluu. Dereva aliniuliza kama nimepoteza ng'ombe.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa vizuri, nyuma kweupe, kila kitu kimeshashushwa. Moshi ulikuwa ukipanda uani. Baba alikuwa kakaa kwenye kigoda katikati ya masufuria matatu, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele, fimbo yake mkononi, na kwa fimbo hiyo alikuwa akiwaelekeza wanaume sita wa Makunduchi ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa akifanya sawasawa. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa akikoroga, na alikuwa akifokewa.

"Punguza moto! Nshakwambia punguza! Mchele haukukukosea kitu!"

Nilisimama hapo. Yeye hakuniona. Mmoja wa wale wanaume akaniona, akauliza huyu bibi wa mjini ni nani. Baba akageuza kichwa, akanitazama kwa furaha, akawaambia:

"Binti yangu huyu. Ndiye aliyekuwa akiniendesha. Sasa najiendesha."

Kisha akageukia sufuria lake, maana kulikuwa na mtu kashika mwiko vibaya.

Mlima mwani alinipa kisu na kigoda upande wa wanawake. Nikakaa nikamenya vitunguu, vitunguu vingi, na nikalia kwa raha zangu, na hakuna aliyeniuliza nina nini.